Vichwa vyeusi na vinyweleo vilivyotanuka: kipi cha kukamua, kipi cha kuacha

Vidoa vingi vinavyokamuliwa puani mbele ya kioo havikuhitaji kuguswa, kwa sababu si vichwa vyeusi. Ni nyuzi za mafuta, ambazo kila mtu mzima anazo, na ukizitoa leo zitakuwa zimejaa tena baada ya wiki nne hivi. Kwa hiyo kabla ya kununua jeli, plasta ya kubandika puani au kile kichuma chenye kitanzi, jua kwanza unatazama nini.

Kinyweleo ni mdomo wa kifuko kidogo ambamo unywele unaota. Ubavuni mwa kifuko hicho kuna tezi inayotoa mafuta ya ngozi, yaani sebamu. Puani, kwenye paji la uso na kidevuni tezi hizo ni kubwa, ilhali unywele wenyewe ni mwembamba kiasi cha kutoonekana, ndiyo maana tundu huonekana tupu. Kuta za kifuko nazo ni ngozi. Zinabandua seli zilizokufa kila siku, na mafuta yanazibeba kuzipeleka nje. Uzi wa mafuta ni huo mchanganyiko ukiwa njiani. Juu ya ngozi unaonekana kijivu au kahawia hafifu, vidoa vyote vinakaribiana ukubwa na vimetapakaa pua nzima kwa usawa. Ukibanwa hutoka kitu laini, chembamba, cheupe au cha njano.

Kichwa cheusi kinatokea pale seli zinapokataa kubanduka moja moja. Zinashikamana, zinachanganyika na sebamu, na baada ya wiki kadhaa zinakuwa kizibo kigumu kinachotanua tundu kutoka ndani. Kwa kuwa mdomo uko wazi, ncha ya kizibo inafika hewani na kuwa nyeusi. Weusi huo unatoka kwenye melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, iliyomo ndani ya seli zenyewe, pamoja na mafuta yaliyobadilika kwa kukutana na oksijeni. Hauhusiani na vumbi wala moshi wa barabarani. Mtu anayeamini kwamba ni uchafu atasugua kwa dodoki hadi ngozi iwake moto, na kizibo kitabaki palepale kwa sababu sehemu yake kubwa iko chini, ambako dodoki halifiki.

Kwa kidole, kichwa cheusi husikika kama chembe ngumu iliyoinuka kidogo. Hakina mpangilio: kimoja hapa, viwili kule, vya ukubwa tofauti. Kuna pia ndugu yake, kichwa cheupe, ambacho ni kizibo hichohicho ila mdomo wake umefunikwa na ngozi. Hicho usikikamue kabisa nyumbani, maana hakina pa kutokea.

Vinavyochochea

Kiini ni homoni za androjeni, ambazo mwanamke na mwanamume wote wanazo. Zinaongeza mafuta kuanzia kubalehe, na kwa wanawake wengi uso huchafuka tena siku chache kabla ya hedhi. Urithi nao una sehemu yake kubwa. Hivyo viwili huna namna ya kuvibadilisha kwa sabuni.

Unachoweza kubadilisha ni vitu vinavyopakwa. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani, akiwemo Albert Kligman, walieleza chunusi za pomedi: vizibo vidogo vingi kwenye paji la uso na kandokando ya masikio kwa wanaume weusi waliopaka mafuta mazito ya nywele. Hali hiyo inaweza kumpata hata leo yeyote anayepaka grisi ya nywele kabla ya kusuka na kulala bila kilemba. Kama vidoa vyako vimejipanga chini ya mstari wa nywele na mashavu ni safi, usihangaike na dawa ya uso kwanza. Badili mafuta ya nywele, yapake mbali na mstari huo kwa upana wa vidole viwili, na ufue foronya kila wiki.

Mafundi gereji wanalo la kwao. Ovaroli iliyolowa oili ikishinda mapajani au mikononi huleta vizibo vyeusi vingi mahali ambapo chunusi za kawaida hazikai. Dawa yake ni kubadili nguo siku ileile na kuosha ngozi kwa sabuni. Kunawa kwa petroli au dizeli kunaivunja ngozi zaidi.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu na viwiko, lakini kwenye uso wenye mafuta huwazibia wengi. Siagi ya kakao vivyo hivyo. Vaselini yenyewe haizibi tundu kwa kiasi hicho. Tatizo lake ni kwamba katika joto la Mombasa au Dar es Salaam uso unabaki umelowa na kunata mchana kutwa.

Halafu kuna mkorogo. Krimu za kung'arisha zinazochanganywa dukani mara nyingi huwa na steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe) kama klobetasoli au betamethasoni. Wiki za mwanzo uso unakuwa laini, hata chunusi zinatulia, na ndipo mtu anaamini amepata dawa. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vipele vinatoka kwa wingi, na akiacha ghafla uso unawaka. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, lakini bado zinapatikana mitaani. Hakuna ratiba yoyote iliyo hapa chini itakayofanya kazi kwenye uso unaoendelea kupakwa mkorogo. Aliyeutumia kwa miezi mingi amwone daktari wa ngozi ili aachishwe taratibu.

Kwa nini kukamua huharibu

Ukuta wa kifuko ni mwembamba. Ukibana kutoka pembeni kwa kucha, sehemu ya kizibo hutoka juu na sehemu nyingine hupasua ukuta na kumwagika ndani ya ngozi. Mwili hauzitambui keratini (protini ya seli za ngozi) na mafuta yaliyokaa mahali hapo. Unazishambulia kama mwiba. Siku moja hadi tatu baadaye panavimba donge jekundu lenye maumivu, na mtu husema kichwa cheusi kimegeuka jipu. Ukweli ni kwamba kimepasuliwa.

Kwa ngozi nyeusi au ya maji ya kunde gharama haiishii hapo. Kila jeraha huamsha melanini, na doa jeusi linalobaki linaweza kukaa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Ndiyo sababu tunashikilia mpangilio huu: dawa kwanza, kukamua mwisho, na kukamua kwenyewe kuwe kwa vizibo vichache vilivyokwisha kulainika.

Dawa, na namna ya kuzianza

Uso unaoshwa mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, kwa sabuni laini isiyo na harufu kali na maji ya uvuguvugu. Ngozi ina uasidi mdogo, pH kati ya 4.5 na 5.5 hivi (pH ni kipimo cha uasidi; namba ikipanda, uasidi unapungua). Sabuni ya mche iko juu ya 9, na ndiyo hukausha uso hadi ukavutika huku mafuta yakiendelea kutoka vilevile.

Asidi ya salisiliki ndiyo ya kuanzia. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia ndani ya tundu na kulegeza gundi inayoshikanisha seli. Tafuta ya asilimia 0.5 hadi 2. Ya kuosha hukaa usoni dakika moja au mbili kabla ya kusuuzwa. Ya kupaka na kuacha ina nguvu zaidi. Anza usiku mara tatu kwa wiki, na baada ya wiki mbili ongeza ikiwa ngozi haichonyoti. Mwenye mzio wa aspirini asiitumie, kwa kuwa ni jamaa moja.

Ikiwa baada ya wiki sita hadi nane vizibo bado ni vingi, dawa inayokwenda kwenye mzizi wa tatizo ni adapalini ya asilimia 0.1. Ni ya kundi la retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A, na kazi yake ni kurekebisha namna seli zinavyobanduka ndani ya kifuko, kwa hiyo inazuia kizibo kipya kisianze. Hapa watu wengi hukosea kwa njia ileile: wanapaka nyingi, kila siku, juu ya vidoa tu. Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima, ikitawanywa pale panapotokea vizibo hata kama leo hapana kitu, kwa sababu vya mwezi ujao vimeshaanza kujengeka na havionekani. Osha uso, ngoja ukauke kabisa kama dakika 15 au 20, paka, kisha weka losheni isiyoziba vinyweleo. Acha pembe za macho, pembe za pua na midomo. Wiki mbili za kwanza paka usiku mmoja na kuruka siku mbili. Halafu usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Baada ya hapo kila usiku ukivumilika.

Wiki ya pili hadi ya nne ngozi hukauka, hubanduka kidogo, na chunusi zinaweza kuongezeka. Wengi huacha hapo. Matokeo ya maana huonekana kati ya wiki 8 na 12. Ikichoma sana, punguza siku badala ya kuacha, au paka losheni kabla ya dawa. Usiku wa adapalini usiweke asidi ya salisiliki wala skrabu. Mjamzito, au anayetafuta ujauzito, asitumie adapalini wala retinoidi nyingine yoyote. Kwake asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 ni chaguo zuri, na ina faida ya kufifisha madoa meusi pia.

Benzoili peroksaidi huuzwa sana madukani kama dawa ya chunusi zote. Kazi yake kubwa ni kuua bakteria wa chunusi zenye uvimbe na usaha. Kwa vichwa vyeusi vitupu mchango wake ni mdogo, na inachubua rangi ya taulo na foronya. Ukiihitaji, asilimia 2.5 inatosha; ya 10 huchoma zaidi bila kuponya zaidi kwa kiwango kinachostahili maumivu hayo.

Asubuhi ni krimu ya kinga ya jua, yenye SPF (kipimo cha nguvu yake) 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili inayojaza urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Kuna wanaosema ngozi nyeusi haihitaji. Haiungui upesi, kweli, lakini madoa yanayoachwa na chunusi hukolezwa na jua, na hata na ule mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo zile zenye rangi, zilizotiwa oksidi ya chuma, zinawafaa zaidi wenye madoa kuliko zile nyeupe zinazoacha uso kama umepakwa majivu.

Ukiamua kukamua

Fanya usiku, angalau wiki tatu baada ya kuanza asidi ya salisiliki ili vizibo viwe vimelegea, na uwe umesimamisha adapalini siku nne au tano kabla. Chagua vizibo visivyozidi vitano. Chochote chenye wekundu, usaha au maumivu hakiguswi.

Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni sekunde 20, osha uso. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kamua maji, na ukiweke juu ya pua dakika tano, ukichovya tena kikipoa. Kujifukiza juu ya sufuria hakuongezi kitu zaidi ya hatari ya kuungua, na joto kali huchochea madoa. Vinyweleo havina misuli: mvuke hauvifungui na maji ya barafu hayavifungi. Joto linalainisha mafuta tu, basi.

Funga vidole viwili kwa karatasi laini. Viweke pande mbili za kizibo, kwa umbali wa milimita tatu au nne kutoka ukingoni, usitumie kucha. Kwanza bonyeza kuelekea chini, taratibu, kana kwamba unataka kuingia chini ya kizibo, ndipo usogeze vidole kukaribiana. Mbano unaoanzia pembeni moja kwa moja ndio unaopasua ukuta. Kizibo kilichokomaa hutoka kwa nguvu ndogo: kipande kifupi, kigumu, kichwa cheusi na mkia wa manjano. Kisipotoka, badili mwelekeo wa vidole na ujaribu mara ya pili. Mara ya tatu hakuna. Ukiona maji meupe au damu, acha, hata kama nusu imebaki.

Ukitumia kichuma chenye kitanzi, kisugue kwa spiriti ya asilimia 70 na ukiache kikauke kabla na baada. Kitanzi kizunguke kizibo chote, bonyeza wima kidogo, kisha kivute kwa mwendo mfupi. Alama ya duara ikibaki zaidi ya dakika chache, nguvu ilizidi. Ile ncha ya sindano iliyo upande wa pili si yako. Ni ya mtu aliyefundishwa kufungua vichwa vyeupe. Saluni nako, uliza chombo kimesafishwaje baada ya mteja aliyetangulia, kwa kuwa damu kidogo tu inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B. Jibu la "tumekifuta" halitoshi.

Baada ya hapo suuza kwa maji ya kawaida, paka losheni, lala. Usipake spiriti usoni, wala asidi yoyote usiku huo. Dawa zirudi baada ya siku mbili.

Plasta za puani hung'oa ncha za nyuzi za mafuta na nywele changa, na ndiyo maana huonekana zimejaa vitu vya kuridhisha macho. Mzizi wa kizibo unabaki. Mara moja kwa wiki mbili hazina ubaya mkubwa kwa ngozi ngumu, ila mtumiaji wa adapalini anaweza kubandua ngozi pamoja nazo. Mashine za kuvuta kwa upepo huacha michubuko ya duara inayogeuka madoa. Gundi ya kubandikia viatu au mbao ikichanganywa na mkaa, kama wanavyofanya baadhi ya watu mtandaoni, ni kitu cha kupeleka mtu hospitali.

Vya jikoni

Ndimu na limau vina pH ya karibu 2, vinachoma, na juisi yake ikipigwa na jua ngozini inaweza kuacha malengelenge na michirizi myeusi ya miezi. Magadi na baking soda vinakosea upande wa pili, vinaivuruga ngozi kwa ukali wa alkali, kinyume cha asidi. Dawa ya meno inakausha na kuwasha. Sukari na chumvi zina pembe kali. Ute wa yai kwa karatasi ni plasta dhaifu yenye hatari ya bakteria wa salmonela.

Liwa, yaani unga wa mti wenye harufu nzuri, na singo ya Pwani, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, hazina budi kutenganishwa na hayo. Liwa laini ikipakwa na kusuuzwa haina kosa kwa ngozi iliyotulia, ingawa haitoi kizibo. Singo ilikusudiwa mwili. Chembe zake zikisuguliwa usoni penye chunusi zinachubua. Kinachosaidia kidogo kwa mafuta ni udongo mweupe wa kaolini uliosafishwa kwa matumizi ya ngozi, wa jamii ileile na ulioko vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam: dakika 10, mara moja kwa wiki, ukitolewa kabla haujakauka na kupasuka.

Vinyweleo vilivyotanuka

Ukubwa wa kinyweleo unaamuliwa na mambo matatu: wingi wa mafuta yanayopita, kizibo kilichokaa muda mrefu, na uimara wa ngozi inayozunguka tundu. La tatu hupungua kwa umri na kwa jua, kwani kolajini, protini iliyokuwa ikishikilia kingo, inalegea na tundu la duara linakuwa refu kama tone, hasa mashavuni. Tundu lililotanuliwa na kichwa cheusi kwa miaka linaweza lisirudi lilivyokuwa hata kizibo kikiondoka.

Hakuna krimu inayofuta vinyweleo. Kinachowezekana ni kuvifanya vionekane vidogo: kuvisafisha kwa asidi ya salisiliki, kutumia retinoidi kwa miezi sita au zaidi ili kingo zikaze kiasi, na niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 2 hadi 5 asubuhi, ambayo hupunguza mafuta kwa baadhi ya watu na haichomi. Kinga ya jua ndiyo inayozuia hali kuongezeka. Maji ya kukaza ngozi yenye spiriti yanavimbisha kingo kwa saa moja au mbili, tundu linaonekana limejifunga, kisha hali inarudi na ngozi imekauka. Pombe ndani ya chupa hizo ndiyo inayoleta ule ubaridi watu wanaoupenda.

Vipimo vikubwa vya asidi, kama salisiliki ya asilimia 20 hadi 30, sindano ndogo za kutoboa ngozi na leza ni vya kliniki. Kwa ngozi nyeusi leza isiyowekwa sawasawa huacha madoa yanayosumbua kuliko vinyweleo vyenyewe, kwa hiyo uliza waziwazi kama mhusika amezoea kutibu ngozi kama yako. Asidi ya trikloroasetiki inayouzwa mtandaoni kwa chupa ndogo isiingie nyumbani kwako.

Yanayohitaji daktari

Kizibo kimoja kikubwa cheusi mgongoni au usoni kwa mtu mzima, kinachojaa tena kila kikikamuliwa, huwa ni kifuko kilichotanuka ambacho hukatwa kwa upasuaji mdogo wa dakika chache. Vichwa vyeusi vinavyoambatana na chunusi kubwa za kidevuni, hedhi isiyo na mpangilio na nywele nyingi usoni vinahitaji uchunguzi wa homoni. Chunusi zenye madonge zinazoacha mashimo zisisubiri. Hapo kuna dawa za kumeza, ikiwemo isotretinoini, ambayo hulemaza mtoto tumboni na haitolewi kwa mwanamke anayeweza kushika mimba bila kipimo cha mimba na uzazi wa mpango. Na vichwa vyeusi vilivyokaa viwiliviwili kwapani, kwenye kinena au chini ya matiti, pamoja na majipu yanayojirudia mahali palepale, si chunusi za kawaida. Ni ugonjwa wa muda mrefu wa vifuko vya nywele uitwao hidradenaitisi, na ukicheleweshwa hujenga njia za usaha chini ya ngozi. Ukiwahi kliniki ya ngozi, tiba inaweza kuanza kabla hali haijafika huko.